Kong Ridalin Suchiang, Aliyeimba Nje ya Dirisha

Ndugu wa ukoo wa Suchiang na wa Lamare, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Moobasan, na nyote mliopanda mlima huu na matope haya, kublei, Mungu awabariki. Mimi ni Lakmen Suchiang, mdogo wa marehemu na mjomba wa watoto wake, na kwa desturi yetu mjomba ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba, kwa hiyo karatasi hii nimeiandika mimi na nitaisoma mimi mpaka mwisho, ingawa tangu asubuhi watu watatu wamenishika mkono wakiniomba niifupishe.

Mnaona wenyewe tulivyokaa. Jeneza liko hapa uani juu ya meza ya shule, mlango wa kanisa umefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwangu, kwa sababu mimi ndiye katibu wa kanisa hili tangu mwaka 1992. Mwenyekiti wetu, Bah, yaani kaka, Rosland Dkhar, ameniambia mbele ya watoto wa marehemu, "Bah Lakmen, kanuni uliiandika wewe mwenyewe, usitufanye sisi ndio wabaya leo," na vijana wanaosimama pale ukutani nimewasikia wakisema kwamba bawaba za mlango ule zimekula kutu na wala hazihitaji ufunguo. Nawaomba nyote, Bah Rosland na nyinyi vijana, mnisikilize kwanza.

Kong Ridalin, Kong yaani dada, kama kijiji kizima kilivyomwita hata wale waliomzidi umri, alizaliwa hapa Moobasan, katika milima ya Jaintia, tarehe 11 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa Mama Tiewdor Suchiang na Baba Hambor Pala, na binti wa mwisho kati ya mabinti watatu, ndiyo maana, kwa desturi yetu, nyumba na meko ya mama vilikuwa vyake, na sisi wengine, hata mimi niliyezaliwa miaka mitatu baada yake, tuliondoka tukabaki wageni wenye haki ya chai. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha, jambo ambalo kwa Moobasan si habari, ila alisema mtoto alilia kwa sauti iliyoishinda mvua kwenye bati, na wale mliokaa karibu naye kanisani mnajua kwamba sauti ile haikupungua.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1958, akaendelea na sekondari Jowai, ambako mwaka 1968 alifeli hesabu, akarudia darasa bila kununa, akafaulu mwaka 1969, kisha akasomea ualimu Shillong na kumaliza Desemba 1971. Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi Moobasan, akafundisha hapo miaka thelathini na saba mpaka alipostaafu mwaka 2009, na nikitazama uani humu naona wachache sana ambao hakuwafundisha kusoma, wala mimi simo kati yao, kwa kuwa kabla ya ualimu wake alikwisha kunifundisha mimi kwa kijiti, kwenye majivu ya meko.

Mwaka 1974 kanisa lilimpa darasa la watoto la Jumapili. Sisi Waunitari wa milimani, watu wa Mungu mmoja bila Utatu, tunaagana kwa maneno "To nangroi", tuzidi kukua, na wengi wetu tunayasema kama mtu anavyosema habari za asubuhi, lakini Kong Ridalin aliyachukua maneno hayo kama kazi aliyopewa kuifanya. Kila mtoto alimpa daftari dogo, akamwambia aandike humo swali moja kila mwezi, swali lake mwenyewe na si la kunakili kwa jirani, na kila mwaka watoto walifungua madaftari wakaangalia ni swali gani limekufa, ni lipi limejibiwa, na ni lipi limekua kuliko mwenye nalo. Mzazi mmoja alikuja kulalamika, "Kong, mwanangu ameuliza daftarini kama Mungu hulala mvua ikinyesha, wewe umemjibu nini?" naye akasema, "Sijamjibu, nimempa penseli nyingine." Mzazi huyo alikuwa Bah Rosland, na mwanawe ndiye daktari wa mifugo tunayemtegemea wote leo.

Tarehe 18 Novemba 1976 alifunga ndoa na Bah Shanbor Lamare, mkulima wa tambuu na popoo kutoka kule chini kwenye mabonde ya War, mtu mpole aliyekuja kukaa nyumbani kwa mkewe kama desturi yetu ilivyo, akiwa na panga, blanketi na kikapu cha popoo, na popoo hizo hazikuwahi kuisha mpaka alipofariki tarehe 9 Mei 2003. Walijaliwa watoto watatu, Emika aliyezaliwa 1978, Pynskhem 1981, na Banrida 1985, ambaye kwa kuwa ni binti wa mwisho ndiye mwenye nyumba sasa, na ambaye tangu juzi hajasema nami neno, nami namwelewa.

Sasa nafika kwenye yale ambayo niliombwa niyafupishe.

Tarehe 6 Februari 1985, siku ya Jumatano alasiri, Kong Ridalin alikaribisha watu saba kwenye meko yake, akakata popoo vipande sawasawa, akapaka chokaa kwenye majani ya tambuu, akampa kila mmoja wake, na sharti lilikuwa moja, kwamba utafune mpaka iishe bila kusema, na ikiisha useme jambo moja unaloliamini kweli au usiloliamini kweli, na asiwepo wa kukujibu, wala kukurekebisha, wala kukuombea bila kuombwa. Kikao kile kiliitwa Jumatano, basi, hakikuwa na jina jingine. Walikuja watu wa kanisa letu, akaja mzee mmoja wa dini ya zamani mwenye jogoo wake wa kafara, wakaja hata jirani zetu wa makanisa makubwa kwa kupitia mlango wa nyuma. Mtu akitaka kuanza kuhubiri kabla ya tambuu kuisha, Kong alimwambia, "Tafuna kwanza, Bah, hayo maneno hayaozi."

Mimi nilikwenda mara moja. Tarehe 2 Juni 1994 nilimzika binti yangu Ibahun, miaka tisa, homa ya siku nne, siku nne ambazo nilisali bila kulala, na Januari iliyofuata Kong alinishika mkono akanikalisha mahali palipokuwa pa mama. Nilitafuna. Watu kumi na wawili walinisubiri. Tambuu iliisha, maneno yakanijaa kinywani, nikasimama nikaenda kutema nje, sikurudi ndani. Alinifuata mpaka kwenye ngazi akasema, "Lak, Jumatano nyingine ipo." Sikwenda tena, na nadhani nilimchukia kidogo, kwa sababu alijua nilichotaka kusema.

Mwaka 1998, sokoni Jowai, muuza nyama mmoja aliniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Bah Lakmen, hivi nyinyi kule kwenu mnaamini nini hasa? Sisi tuna Mwokozi, wa dini ya zamani wana jogoo wao, nyinyi mna nini, mna tambuu?" Soko likacheka. Mimi, katibu wa kanisa, mtu wa miaka arobaini na minne, nilichukua mfuko wangu wa nyama nikarudi nyumbani nimejaa aibu, nikachukua karatasi nikaandika mistari tisa ya tunachoamini. Kanisa ambalo babu zetu walilijenga ili mtu asiandikiwe imani na mwingine, mimi nililiandikia imani kwa sababu ya kicheko cha muuza nyama. Mstari wa kwanza ulisema Mungu ni mmoja, wa pili kwamba ni Baba na Mama wa watu wote, na wa tano, nilioubonyezea kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ulisema Mungu husikia kila sala. Chini yake niliongeza kanuni, kwamba kila mshiriki asimame mbele ya kanisa aisome yote, na asiyesoma asifundishe watoto, asiketi ndani kama mshiriki, na akifa jeneza lake lisipite mlangoni.

Tarehe 14 Machi 1999, siku ya Jumapili, washiriki walisimama mmoja mmoja wakasoma. Zamu yake ilipofika, Kong Ridalin alivaa miwani, akaisoma karatasi kimya kutoka juu mpaka chini, polepole, kama asomavyo insha ya mtoto, kisha akasema, "Mistari mitatu naiamini leo. Miwili niliiamini nilipokuwa msichana. Mmoja natamani sana kuuamini. Mitatu iliyobaki sijui. Sasa mdogo wangu, niandike wapi?"

Nilimwambia, "Kong, soma tu kama wenzako."

Akauliza, "Wenzangu wamesoma kwa kuwa wanaamini, au kwa kuwa wamechoka kusimama?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake. Bah Rosland akasema kanuni ni kanuni, mwingine akapiga kelele kwamba basi na tuwe kama makanisa mengine na tuajiri mapolisi, mama mmoja akalia, na ikapigwa kura kama Kong aachwe hivyo alivyo au kanuni ifuatwe. Kura zilikuwa ishirini na sita kwa ishirini na sita. Ya katibu ilikuwa haijapigwa. Alinitazama, wala hakunikodolea macho, alinitazama kama pale kwenye ngazi, na mimi nikainamisha kichwa nikapiga kura dhidi ya dada yangu, nikafungua kitabu cha washiriki, nikaweka rula, nikakata jina lake kwa wino mwekundu.

Alichukua mwavuli wake akatoka. Jumapili iliyofuata alirudi, akaweka kigoda chini ya dirisha la kushoto, kwa nje, na wimbo wa kwanza ulipoanza aliimba sauti ya pili kutoka pale. Ndugu zangu, aliimba pale miaka ishirini na mitatu. Kwenye mvua ya Juni tulisikia matone kwenye mwavuli wake katikati ya ubeti, na kwaya yetu, niseme ukweli, ilishika sauti kwa kumsikiliza yeye. Hakukosa adabu hata siku moja. Nilipokuwa nikifunga mlango baada ya ibada alikuwa akikunja kigoda, ananiuliza, "Umefunga vizuri, katibu? Imani isije ikatoroka," halafu ananiambia njoo unywe chai, nami nilikwenda, nikanywa, kila Jumapili, na hatukulitaja jambo lile. Darasa la watoto alipewa mwingine, madaftari yakaachwa, lakini Jumatano iliendelea, wakati mwingine watu ishirini, wakati mwingine yeye na Banrida tu.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuona kidonda shavuni kisichopona, tukampeleka hospitali Shillong, na tarehe 5 Septemba madaktari wakatuambia ni saratani ya kinywa, ambayo kwa sisi watafunaji wa popoo hakuna asiyeifahamu. Alipasuliwa, akachomwa mionzi, akarudi nyumbani, akapata nafuu ya miezi kadhaa, kisha ikarudi. Tambuu alikatazwa. Aliendelea kuwakatia wenzake kila Jumatano, na mwanzoni, alipokuwa bado na sauti kidogo, alisema, "Basi nimebaki kusikiliza tu, kazi niliyokuwa nikiwafundisha nyinyi."

Tarehe 17 Oktoba mwaka huu nilikaa kando ya kitanda chake. Hakuweza tena kusema, alikuwa akiandika kwenye kibao cha shule. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona siku ya leo, jeneza uani na mlango umefungwa, na niliogopa, nikamwambia, "Kong, nitaandika tu kitabuni kwamba ulisoma. Nani atajua?"

Aliandika, "Wewe."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena, "Wewe unaamini mingapi?"

Nilisema chai inapoa, nikatoka. Aliishi wiki tatu baada ya hapo, nilikwenda kila siku, kila siku kibao kilikuwa pale na swali halikufutwa, na kila siku niliongea habari za mvua na bei ya viazi. Tarehe 7 Novemba, Jumanne, saa kumi alasiri, Kong Ridalin alifariki nyumbani kwake, kwenye meko ya mama, watoto wake watatu wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mimi nilikuwa njiani.

Juzi Jumatano, tukitafuta nguo yake ya hariri ya kumvika, Emika alifungua sanduku la bati, tukakuta madaftari ya watoto wote tangu 1974, yamefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. La Ibahun wangu lilikuwamo. Swali lake la mwisho, la Mei 1994, linasema, "Baba akisali hatoi sauti. Je, Mungu humsikia mtu aliyenyamaza?" Na chini yake, kwa penseli, mwandiko wa Kong, "Swali zuri. Tumuulize baba yako, akiwa tayari." Alilihifadhi karibu miaka thelathini. Hakuwahi kunionyesha ili kunishinda, na angeweza kunishinda siku yoyote aliyotaka.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa Shillong, waliomwita Mwalimu mpaka mwisho, nawashukuru walimu wenzake wa shule ya msingi, waliotoa meza hii, nawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliochimba kaburi kwenye mwamba huu kwa siku mbili, nawashukuru ndugu wa makanisa mengine, ambao leo mmekuja kwa mlango wa mbele, na yule muuza nyama wa Jowai, ambaye ni mzee sasa na namwona pale nyuma, asante kwa kuja, nyama uliyoleta imetosha.

Marehemu aliacha agizo moja kwa maandishi, kwamba pasiwe na mahubiri, ila kikapu chake kizungushwe na kila mtu atafune kimya. Banrida anakizungusha sasa. Chukueni. Wakati mnatafuna, mimi sitatafuna, kwa sababu yangu niliimaliza Januari 1995 na deni la maneno lingali kinywani.

Kong, uliniuliza. Ni minne. Kati ya mistari tisa niliyoiandika kwa mkono wangu, naamini minne. Mstari wa tano, kwamba Mungu husikia kila sala, sikuuamini siku nilipouandika, sikuuamini siku nilipokukata jina, niliuandika ili watu wengine wauseme kwa sauti nami nisimame katikati yao nisijulikane. Natamani kuuamini. Nadhani huo ndio ule mmoja uliokuwa ukiutamani wewe pia, na tungeweza kuutamani pamoja miaka yote ile, kwenye meko, badala ya wewe kukaa mvuani na mimi kushika ufunguo. Nisamehe, dada yangu.

Kwa kanuni hiyo basi, mimi si mshiriki wa kanisa hili, na leo alfajiri nimechukua rula ileile na wino uleule nimekata jina langu kitabuni, chini ya lake. Kama yupo hapa aliyesoma mistari yote tisa na kuiamini yote tisa, huyo ndiye mwenye haki na ufunguo huu, aje auchukue mkononi mwangu. Nasubiri mpaka tambuu ziishe.

Bah Rosland, nakuona umesimama. Kama unaufuata ufunguo, huu hapa.

Haya. Kumbe umelifuata jeneza, si ufunguo; basi pita upande wa mbele, mkono wa kulia, Pynskhem atakupokea ukichoka, na nyinyi vijana ukutani acheni bawaba, njooni mnyanyue. Mimi natangulia kufungua. Kong, mahali pako ni benchi la tatu upande wa kushoto, wanapokaa wa sauti ya pili, na hapajakaliwa na mtu tangu siku ile. To nangroi, dada. Pumzika kwa amani.